Mvua ya Mlima Mwingine

Familia ninayoisimulia ni ya kubuni. Nimeiweka Buyenzi, Bujumbura, kwa sababu ni mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya barazani na sokoni, na pia kwa sababu ya mto unaopita ubavuni mwake, ambao nitaufikia. Lakini waliyoyafanya siku ile si ya kubuni. Yameshafanywa na watu wa kweli kwenye mito ya kweli, na baadhi yao walirudishwa kwao wakiwa maiti.

Baba wa familia hii anauza vipuri vya magari karibu na soko la Ruvumera. Iddi iliangukia katikati ya masika, na wiki nzima kabla yake alihangaika kutafuta petroli, ambayo Bujumbura ya miaka hii imekuwa adimu. Alipoipata, akatangaza kwamba Iddi Pili hawaendi ufukweni. Ziwa Tanganyika wanalijua: mchanga, samaki wa mukeke, soda, na viboko wa kuwaogopa jua likishazama. Safari hii watapanda milimani, kwenye bustani ya maporomoko ambayo picha zake zilikuwa zikizunguka katika simu za jamaa. Asubuhi wakajazana kwenye Hiace: baba, mama, Bibi, baba mdogo ambaye alikuwa hajaoa, shangazi na wanawe, na sufuria kubwa la pilau lililofungwa kwa kanga lisipoe.

Barabara ya Bugarama hupanda bila kumpa mtu muda wa kuzoea. Ziwa liko kwenye mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mlima Heha, usio mbali na mji, unapita mita 2,600. Kwa mwendo usiotimia saa mbili mtu hutoka kwenye jasho akaingia kwenye ukungu wa kuvalia sweta. Bugarama walisimama, wakanunua karoti na kabichi za kurudi nazo, wakaendelea. Mbele kidogo wakakutana na mvua kubwa, ile inayomfanya dereva atambae taa zikiwa zimewashwa mchana. Wakafunga vioo. Iliwasindikiza vilima viwili vitatu, kisha wakatokea upande wa pili kwenye jua kali, na watoto wakapiga makofi. Walivuka daraja dogo juu ya kijito chenye maji mekundu. Hakuna aliyekitazama mara mbili.

Msiba ulianzia pale, juu ya lile daraja, wakati wote walikuwa wakifurahi kwamba mvua wameiacha nyuma. Kijito kile kilikuwa kinakwenda walikokuwa wanakwenda wao.

Bustani ilikuwa nzuri kuliko picha zake. Nyasi zilizokatwa, maua mekundu na ya njano kando ya njia, ngazi za saruji zenye mkono wa chuma, viti vya mbao vinavyoelekea kwenye maporomoko. Maji yalianguka meupe, yakatuama kwenye bwawa la kijani, kisha yakatambaa kwa upole kati ya mawe. Chini ya bwawa palikuwa na mwamba bapa katikati ya mto, mkubwa kama ua wa nyumba, na ili kuufikia ilitosha kukunja suruali hadi magotini.

Kijana muongozaji akawaambia mapema, kwa adabu: “Mzee, sisi tunatazamia hapa juu. Kule mwambani hatukai, hasa miezi hii.”

“Tumekata tiketi, ndugu yangu,” akajibu baba. “Na watoto wametoka mbali.”

Jibu hili nimelisikia kwa sura nyingi, na naliogopa. Mtu akilipa kiingilio huona kwamba amenunua na usalama, kwamba kuna ofisi fulani iliyoukagua mto asubuhi na kuona hauna neno. Maua humthibitishia. Ngazi humthibitishia zaidi. Kumbe kilichotengenezwa ni ukingo peke yake. Fundi amepanga mawe ya njia, mtunza bustani amepalilia maua, ila maji yenyewe yanatoka kwenye mabonde ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyafikia, na yatakuja kwa kiasi kitakachoamuliwa huko.

Sisemi maporomoko yasiwekewe njia. Burundi ina maporomoko ya Karera, Rutana, katika mkoa ambao sasa unaitwa Burunga: mto unaogawanyika na kuanguka kwa hatua kadhaa katika eneo la hekta 142. Mwaka 2007 serikali iliyapendekeza Karera, pamoja na bonde la Nyakazu, kuingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ni haki ya kila Mrundi kuyaona maji yale, na bila njia nzuri wangeyaona vijana wenye miguu mepesi tu. Bibi kama huyu wa Buyenzi asingefika. Nasema tu kwamba njia inakufikisha mahali, na mambo ya mto yana hesabu yake nyingine.

Basi wakavuka. Muongozaji aliitwa na kundi jingine, akaondoka huku akigeuka nyuma. Wakatandika mkeka mwambani, sufuria likafunguliwa, watoto wakarushiana maji. Baba mdogo akaweka simu juu ya jiwe ili wapigwe picha wote kwa pamoja, maporomoko yakiwa nyuma yao.

Sasa nije kwenye ule mto wa Buyenzi. Ntahangwa unapita ukingoni mwa mtaa kabla ya kuingia ziwani. Kiangazi, maji yake ni machache, na watu hushuka humo kuchota mchanga na kokoto. Masika, unaweza kuja mwekundu na kuunguruma wakati mtaani vumbi halijalowa, kwa sababu mvua imenyesha vilimani, mbali na macho ya mji. Mwaka hadi mwaka umekuwa ukila kingo zake na nyumba zilizo juu yake. Mtoto wa Buyenzi hahitaji mwalimu wa jambo hili. Baba wa familia yetu alikulia palepale. Angemwona mwanawe amekaa katikati ya Ntahangwa mwezi wa nne angemtoa kwa kelele. Alilolijua nyumbani hakuliona bustanini, kwa kuwa huku mto ulikuwa umevalishwa maua.

Bibi ndiye aliyeliona. Alikuwa amekaa ukingoni mwa mwamba, miguu ndani ya maji, akaona vijani vikipita, kisha kijiti, kisha povu la rangi ya chai. Maji yaliyokuwa kwenye fundo la mguu yakagusa ugoko.

“Mwanangu, maji yamegeuka rangi. Tutoke.”

“Mama, jua lote hili, mvua itatoka wapi?”

Hakubishana. Akamshika mjukuu mdogo mkono, akamwita mkwewe kwa jina, akaanza kuvuka. Mama na shangazi wakainuka kwa kumheshimu tu, wakawasukuma watoto mbele yao, na yule wa mwisho alipofika ng’ambo maji yalikuwa yamempita magoti. Hapo baba naye akaelewa, akavuka akishikwa mkono na muongozaji aliyerudi mbio. Baba mdogo alikuwa nyuma yake. Angefika. Lakini aligeuka kuchukua sufuria na simu.

Mafuriko ya ghafla katika mto wa mlima hayapandi taratibu kama maji yanayojaa ndooni. Huteremka kama ukuta, yakiwa yamebeba matope, magogo na mawe. Maji yenye mbio yanayofika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima. Karibu na maporomoko hatari huzidi kwa namna mbili. Kwanza, kishindo cha maji yanayoanguka hufunika kishindo cha yale yanayokuja, hivyo sikio halikusaidii. Pili, maji meupe yenye povu yamejaa hewa, hayambebi mtu; hata muogeleaji wa ziwani, aliyezoea maji yanayomwinua, huzama humo kana kwamba hajawahi kujifunza. Baba mdogo alikuwa muogeleaji mzuri sana.

Anayeona nimetia chumvi na akumbuke Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, hifadhi inayopendwa na familia na wanafunzi kwa sababu mtu anaweza kutembea kwa miguu ndani ya korongo lake jembamba. Aprili 2012 maji yaliwakuta humo vijana wa kanisa waliokuwa matembezini, yakawaua 7. Jumapili ya Septemba 1, 2019, yakaja tena, yakachukua watu 7 wengine, mmoja wao akiwa muongozaji wa palepale. Ni korongo lilelile, miaka saba baadaye. Kwa hiyo hata kuwa na mwenyeji hakutoshi, ikiwa mwenyeji naye hana habari za huko maji yanakotoka.

Na Bujumbura yenyewe ina usiku wake. Kati ya Februari 9 na 10, 2014, mvua kubwa ilinyesha, na maji yaliyoshuka kutoka vilimani yakapiga mitaa ya kaskazini, Kamenge, Kinama, Gatunguru na jirani zake. Waliokufa walizidi 60. Wale hawakwenda matembezini; walikuwa wamelala majumbani mwao, na ninawataja kwa heshima, si kama mfano wa uzembe. Mvua ile haikumpa mtu nafasi ya kuchagua. Ndiyo maana inaniuma ninapoona mtu aliyepewa nafasi, akaambiwa mara mbili, na jua lipo, na njia ya kutoka ipo, bado anabaki.

Mwili wa baba mdogo ulipatikana siku ya pili, mbali huko chini, na wakulima waliokwenda kuangalia mashamba yao. Matangani Buyenzi watu walisema yanayosemwa: ni kudra ya Mungu, siku yake ilikuwa imefika. Bibi, aliyemzaa, aliwasikiliza wote na kuwaitikia. Baba ndiye aliyeshindwa kuitikia. Usiku wa tatu, waliobaki wakiwa wachache, alimwambia mama yake, “Ulinambia.” Bibi akamjibu, “Nilikwambia, na kijana wa watu alikwambia. Mungu alikuletea maneno mara mbili. Kudra usiitaje kabla hujayahesabu hayo.”

Nampenda Bibi kwa jibu hilo, ingawa nimemtunga mwenyewe. Imani yetu haikutuamuru kukaa katikati ya mto. Na pale tunapokimbilia neno la kudra haraka mno, tunamzuia mtoto aliyeko chumba cha pili, anayesikiliza, asijue kwamba baba yake mdogo alikufa kwa kurudia sufuria.

Atakayekwenda kwenye maporomoko, na aende. Juni hadi Agosti mito ya Burundi hutulia, na ndio wakati wa kuchagua kama likizo inaruhusu. Masika, swali la kwanza kwenye kibanda cha tiketi, kabla ya bei, liwe hili: huko juu usiku wa jana kulinyesha? Muongozaji mzuri anajua, au ana mtu wa kumpigia simu juu ya mto. Asiyejua, kaa naye kwenye nyasi. Mkeka utandikwe juu ya ukingo, na kabla ya chakula mzee mmoja achaguliwe ambaye neno lake la kuondoka halijadiliwi, hata akikosea mara kumi. Watoto waambiwe mapema kwamba neno hilo likitoka, viatu vinabaki, simu inabaki, pilau linabaki.

Hiace ilirudi Bujumbura na kabichi za Bugarama. Hakuna aliyekumbuka kuzishusha, zikaozea humo.