Kumsikiza Aliyeonekana na Kosa

Fikiri, ewe msomaji, mtumishi wa duka ameonekana na bwana wake akitia sukari kikapuni mwake. Bwana ameona kwa macho yake mwenyewe. Ya nini tena kuuliza? Wengi wetu twaweza kusema: na afukuzwe papo hapo.

Sheria ya Ajira ya Kenya, ya mwaka 2007, haisemi hivyo. Kifungu chake cha 41 chamtaka mwajiri, kabla hajamwachisha mtu kazi kwa mwenendo mbaya, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha awasikize wote wawili. Hata kosa likiwa kubwa la kumpasa kufukuzwa mara moja, mlango huo haufungwi. Wala neno la lugha si dogo, kwani aliyeshutumiwa kwa maneno asiyoyajua hakuambiwa kitu.

Wako watakaosema kwamba huku ni kumbembeleza mwizi. Mimi sioni hivyo. Jicho huona mkono ukitia sukari, lakini halioni kama ililipiwa asubuhi, au kama mke wa bwana ndiye aliyeiagiza. Na akiwa mwizi kweli, sheria haizuii kumfukuza. Bwana atakuwa amepoteza nusu saa tu. Lakini mtumishi afukuzwaye bila kusikizwa hupoteza kazi pamoja na jina, na ni jina hilo atakalokwenda nalo kuomba kazi katika duka la pili.