Shamba Ambalo Rais Alilinyima Kanisa

Somo: Ezra 8:21–23

Wapendwa, kuna swali ambalo kila mwaka wa siasa hurudi katika makanisa yetu: mheshimiwa akija na bahasha ya ujenzi, tuipokee ama tuirudishe? Wako wanaosema hiyo ni pesa ya wananchi hata hivyo, sasa kwa nini tusifaidike. Wacha leo tulitazame kupitia mtu ambaye hakuwa mchungaji: James Madison, rais wa nne wa Marekani na mmoja wa waliounda Katiba ya nchi ile.

Madison alizaliwa Virginia mwaka wa 1751. Siku hizo kanisa la serikali pale lilikuwa la Kianglikana, na ulilipa kodi yake hata kama huingii mlangoni. Wahubiri wa Kibaptisti waliohubiri bila leseni walikamatwa. Mmoja wao, James Ireland, alifungwa katika jela ya Culpeper, naye akaendelea kuhubiri kupitia vyuma vya dirisha. Januari 1774 Madison, kijana wa miaka 22, alimwandikia rafiki yake kwa hasira kwamba katika kaunti jirani kuna wanaume watano au sita walio gerezani kwa kutangaza imani yao tu. Yeye mwenyewe hakuwa Mbaptisti. (Na tuseme yote: alimiliki watumwa mpaka kufa kwake. Pingu za mhubiri zilimuuma, za watu waliolima shamba lake hakuzifungua. Simleti hapa kama mtakatifu.)

Sasa sikia yaliyotokea 1784. Vita vya uhuru vimekwisha, na watu wanalia kwamba maadili yameporomoka. Patrick Henry, msemaji hodari kuliko wote Virginia, anataka sheria ya kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo, na kila mlipa kodi achague mwenyewe pesa yake iende kanisa gani. Hebu fikiria. Si kanisa moja tena. Hata Wabaptisti waliokuwa wakipigwa juzi tu wangepata fungu lao. Sisi tungeimba pambio!

Madison akasema hapana. Mwaka wa 1785 aliandika waraka wa kuupinga mswada huo. Hoja yake ilikuwa kwamba wajibu wa mwanadamu kwa Muumba wake unatangulia wajibu wake kwa serikali, kwa hivyo hapo serikali haina mamlaka, hata ya kusaidia. Na ile serikali inayoweza leo kuuchagua Ukristo na kuziacha dini nyingine, kesho inaweza kuchagua dhehebu moja la Kikristo na kuyafungia mengine nje. Akaongeza neno linalouma: kwamba karne karibu 15 za kanisa kubebwa na dola zilizaa viongozi wa dini wenye kiburi na uvivu, na waumini wasiojua kitu. Wabaptisti wengi walitia sahihi kuukataa mswada, yaani waliikataa pesa ambayo ingekuwa yao. Mswada ukafa. Januari 1786 bunge la Virginia likapitisha sheria ya uhuru wa dini iliyoandikwa na Thomas Jefferson.

Kisha 1811, Madison akiwa rais. Bunge linapitisha mswada wa kulipa kanisa la Kibaptisti la Salem, eneo la Mississippi, kipande cha ardhi ya umma. Madison anakataa kutia sahihi. Kanisa la watu wale wale aliowatetea! Halafu makanisa ya Kibaptisti kutoka North Carolina yanamwandikia, na si kulalamika. Yanamuunga mkono. Nimejaribu kuwaza sisi tukiandika barua kama hiyo kwa rais aliyetunyima ploti, na nimeshindwa.

Mtu ataniuliza, na ni haki yake: kwani Ezra hakupokea fedha na dhahabu ya Mfalme Artashasta? Alipokea, iko sura ya 7, na nadhani hapo Madison angetofautiana na Ezra. Lakini soma sura inayofuata. Njia ilikuwa na maadui, na Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi, maana alikuwa ameshamhakikishia mfalme kwamba Mungu huwalinda wanaomtafuta. Dhahabu aliibeba. Askari wangeufanya ushuhuda wake kuwa uongo, kwa hivyo akafunga na kuomba. Ezra alipima kila msaada peke yake, si ati chochote kikitoka ikulu ni baraka.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 8, inasema Kenya haina dini ya taifa, na cha 32 kinalinda uhuru wa kuabudu. Baada ya Shakahola mwaka wa 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, serikali ilianza kuzungumzia kuyadhibiti makanisa, na wachungaji wengi wakapiga kelele kwamba isiguse madhabahu. Naungana nao kwa sehemu tu. Hata ile sheria ya Virginia iliiachia serikali nafasi ya kuingilia imani ikigeuka kuwa kitendo cha kuvunja amani, na kuwaua watoto kwa njaa ni zaidi ya hapo. Lakini mchungaji aliyempa mheshimiwa maikrofoni katikati ya ibada, akapokea mabati watu wakipiga makofi, atasimama wapi akimwambia asiulize hesabu za kanisa? Ameshaingia, na wenyeji ndio waliomfungulia.

Kwangu mimi, mheshimiwa akija kuabudu, apewe kiti kama mgeni yeyote. Akitaka kutoa, kikapu kitapita kwenye mstari wake kama kinavyopita kwa mama mboga, na jina lake lisitajwe. Swali la mabati ambayo tayari yamepigiliwa misumari ni gumu zaidi. Hilo kila kamati ya ujenzi italiombea.