Ni Nani Aliyetenda Dhambi?

Jioni moja, baada ya kipindi cha Biblia usharikani, mama mmoja alibaki kitini. Tulikuwa tumesoma Yohana sura ya 9, habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Mwanawe wa miaka saba ana mtindio wa ubongo. Akaniuliza: "Baba Mchungaji, wanafunzi walitaka kujua kama yule mtu ndiye aliyetenda dhambi. Lakini alizaliwa hivyo. Angetenda dhambi lini?"

Swali hilo Wayahudi wenyewe wamelijadili kwa karne nyingi, na hawakufikia jibu moja.

Tumaini lililo wazi katika Agano la Kale ni ufufuo, kama tusomavyo Danieli 12:2. Hata leo, katika sala zao za kila siku, Wayahudi humhimidi Mungu anayewapa wafu uhai. Lakini wako Wayahudi walioamini pia kwamba roho ya marehemu huweza kurudi duniani katika mwili mwingine. Kwa Kiebrania fundisho hili huitwa gilgul, yaani mzunguko. Si kule kuzaliwa mara ya pili ambako Bwana alimweleza Nikodemo.

Fundisho hili linaonekana katika kitabu kiitwacho Bahir, kilichojulikana kusini mwa Ufaransa katika karne ya 12, kisha katika Zohar kule Hispania. Katika karne ya 16 lilistawi Safed, mji wa Galilaya, kwa Isaac Luria na mwanafunzi wake Chaim Vital.

Tusiwadharau. Waliona mtoto asiye na kosa akiteseka, nao hawakukubali kusema kwamba Mungu ni dhalimu. Nachmanides, mwalimu mkubwa wa Hispania, alipofafanua kitabu cha Ayubu aliona katika siri hii ufunguo wa mateso ya mwenye haki. Wengine waliona humo rehema: roho iliyoacha kazi yake njiani hupewa nafasi ya kuimaliza.

Wengine walikataa kabisa. Saadia Gaon, aliyeandika kwa Kiarabu huko Baghdad mwaka 933, aliliona fundisho hili kuwa upuuzi. Kuhusu watoto wanaoteseka, alifundisha kwamba Mungu atawafidia katika ulimwengu ujao. Katika karne ya 17, Leon Modena wa Venice aliandika kulipinga, naye Menasseh ben Israel wa Amsterdam akaandika kulitetea. Wote wawili walikuwa marabi. Katika zile kanuni 13 za imani zilizoandikwa na Maimonides, ufufuo umo, lakini gilgul haimo.

Basi hatari iko wapi? Mwaka 2000 rabi mmoja mashuhuri wa Israeli alihubiri kwamba Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi walikuwa roho za wenye dhambi wa zamani zilizorudi kulipa. Walionusurika waliumia sana, na Wayahudi wengi walighadhibika. Baadaye rabi huyo alisema kwamba waliouawa walikuwa watakatifu. Fundisho lililoanza kwa kutetea haki ya Mungu lilikuwa limegeuka kuwa mashtaka juu ya marehemu.

Hapo tusiwanyoshee kidole Wayahudi, maana sisi tusioamini gilgul tunafanya lile lile. Yule mama aliniambia kwamba tangu mwanawe azaliwe, ameulizwa na Wakristo wenzake, tena zaidi ya mara moja, "Mlikosea wapi?"

Nilitaka kumsomea Waebrania 9:27, kwamba mtu hufa mara moja, kisha hukumu. Ndiyo imani yetu, nami naishika. Lakini nilijizuia. Aya hiyo inajibu fundisho la gilgul, haimjibu mama aliyebeba mtoto mgongoni miaka saba.

Tukarudi Yohana 9:3. Bwana Yesu alikataa majibu yote mawili: si yeye, wala si wazazi wake. Hakutafuta deni la zamani. Aliinama, akatengeneza tope, akamgusa.

"Lakini wangu hajapona," akasema mama. Ni kweli, wala sikuweza kumwahidi kwamba atapona. Nilimwambia ninalolijua: kwamba mateso ya mwanawe si risiti ya dhambi ya mtu yeyote, kwa kuwa deni lilikwisha kulipwa msalabani, na Mungu hadai mara mbili. Roho ya mtoto huyu haikurudi kumalizia kazi. Kristo ameimaliza, na katika ubatizo mtoto huyu amepewa yote, sawasawa na mimi mwenye kola shingoni.

Wapendwa, Jumapili mama huyu akiingia kanisani na mwanawe, tusitafute nani alikosa. Tusogee kwenye benchi, tumpokee mtoto, mama naye aimbe mikono yake ikiwa huru.