Fainali Ambayo Haikupiganwa

Mteja alitaka orodha tu. Maneno 900, mabingwa wote wa dunia wa jiu-jitsu ya bila gi tangu mashindano yaanze, malipo wiki moja baada ya kuwasilisha kazi. Mimi huandika chochote kinacholipa. Wiki hiyo nilikuwa nimemaliza makala ya magodoro ya watu wenye maumivu ya mgongo, na kabla yake mwongozo wa kufuga kasuku. Kwa hivyo jiu-jitsu nayo, fiti.

Kama huujui mchezo wenyewe, ni mieleka ya chini. Watu wawili, mkeka, hakuna ngumi wala teke. Unamwangusha mwenzako, unaivuka miguu yake, unamkalia kifuani au unamnyemelea mgongoni, na ukipata nafasi unamkaba koo au unampinda kiungo mpaka agonge kwa mkono kusema basi. Gi ni lile koti zito la pamba unaloona kwenye judo. Bila gi maana yake mmevaa kaptura na fulana ya kubana, hakuna kola ya kushika, jasho linateleza, kila kitu kinaenda mbio. Shirikisho la IBJJF, ambalo mwanzilishi wake ni Carlos Gracie Jr., lilianza kuandaa ubingwa wa dunia wa bila gi mwaka 2007 huko California. Kwa watu wazima wa mkanda mweusi pambano ni dakika 10.

Nikachora jedwali. Mwaka, uzani, bingwa, aliyeshindwa, na safu ya mwisho: ameshinda vipi. Kwa kabali, kwa alama, kwa uamuzi wa refa. Hiyo safu ya mwisho hakuna aliyeniomba, niliiweka kwa sababu orodha ya majina matupu huniboesha. Basi nikafika mahali ambapo kuna bingwa, kuna wa pili, na safu ya mwisho haina kitu. Hakuna kabali, hakuna alama. Nikadhani ni data imepotea. Nikatafuta video, hakuna video. Ilinichukua nusu siku na bando mbili kuelewa kwamba hakukuwa na cha kurekodi. Hawakupigana.

Wenyewe husema fainali imefungwa. Watu wawili wa klabu moja wanawekwa pande tofauti za droo ili wasikutane mapema. Huyu anashinda upande wake, yule anashinda wake, wanajikuta fainali, na hapo wanaelewana wao wenyewe, au na kocha wao, nani achukue dhahabu. Pengine ni yule ambaye hajawahi kuipata. Pengine ni mkubwa kiumri. Wanaingia mkekani, wanakumbatiana, refa anainua mkono mmoja, picha, basi. Paulo na João Miyao, mapacha kutoka Brazil ambao wote wawili wamewahi kuwa mabingwa wa dunia wa bila gi, wamejikuta fainali moja mara kadhaa na hawakuoni sababu ya kukabana koo mbele ya watu. Hao ni ndugu wa tumbo moja, naelewa. Lakini mtindo huu si wa mapacha pekee. Ni desturi ya mchezo mzima.

Mara ya kwanza nilikasirika, sijui kwa niaba ya nani. Labda ya yule aliyetolewa nusu fainali. Yeye alipigana mpaka mwisho, akakabwa, akagonga, akaenda zake akijua hasa alivyoshindwa. Halafu waliomtoa wakafika pale ambapo watu wote wamekuja kuona, wakagawana kama watoto wanaogawana chapati. Kama ubingwa unagawanwa, si tungepigiana simu tu?

Kuna jamaa mtaani kwetu anafanya mazoezi ya huo mchezo, nikamuuliza. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu hawali majirani zao. "Buda," akasema, "huyo mtu mmekabana naye kila asubuhi miaka sita. Anaijua shingo yako kuliko mama yako. Mara mia umemshinda, mara mia amekushinda. Sasa mpigane dakika kumi ndio mjue nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Lakini nilikuwa na mfano, kwa sababu mimi ni Mkenya na sisi mambo ya kuachiana mstari tunayajua.

Tarehe 14 Aprili 2024, nusu marathoni ya Beijing. Unaikumbuka ile video, ilizunguka kwenye simu zote. Willy Mnangat na Robert Keter wetu, na Dejene Hailu wa Ethiopia, wako pamoja na Mchina He Jie karibu na utepe. Wanapunguza mwendo. Mmoja anaonyesha mstari kwa mkono, kama konda anayekukaribisha kwenye gari. He Jie anapita, anashinda kwa sekunde 1. Dunia ikapiga kelele, uchunguzi ukafanywa, na wote wanne wakafutiwa matokeo na kunyang'anywa medali na pesa za zawadi. Mnangat aliieleza BBC kwamba walikuwa wameajiriwa kumwongozea He Jie kasi, na kwamba hata yeye hakujua kwa nini walimvalisha kifuani kitambulisho chenye jina lake badala ya kilichomtaja kama mwongoza kasi.

Hapo ndipo nilipokwama vizuri. Kwa nini ya Beijing ni aibu na ya mapacha ni udugu? Zote mbili, mtu mwenye uwezo wa kushinda amesimama kando ili mwingine apite. Ukiniambia tofauti ni pesa, nitakuuliza kwani kuongoza kasi si kazi halali, na Wakenya wangapi wamelisha familia kwa kazi hiyo. Nadhani tofauti ni kwamba mapacha hawakujifanya. Mkeka ulikuwa mtupu na kila aliyelipa kiingilio aliuona uko mtupu. Beijing kulikuwa na mbio, kulikuwa na jasho, kulikuwa na majina vifuani, na ndani yake hakukuwa na mashindano. Kumwachia mtu siyo kosa lenyewe. Kosa ni kukimbia mbio ambazo hazipo.

Hilo nililiandika kwenye daftari nikajiona mwanafalsafa. Halafu sikuweza kuendelea na orodha siku tatu, na afadhali niseme kwa nini.

Mwaka 2017 nyumbani kulikuwa na barua mbili za kuitwa chuo. Yangu, na ya dada yangu mkubwa, aliyekuwa amekaa nyumbani baada ya kuahirisha masomo kwa sababu ya karo. Baba alikuwa ameshafariki. Mathe alikuwa na ng'ombe mmoja wa kuuza na zamu yake ya chama. Ukijumlisha vyote, na ukihesabu nauli, godoro na chumba, vilitosha mtu mmoja. KCSE dada alikuwa amepata B+, mimi B. Usiku mmoja tuko jikoni, mathe anachambua maharagwe, dada akasema, "Aende huyu." Akaninyooshea kidole bila kuniangalia. Mathe hakujibu. Mimi nilingoja kidogo mtu abishe. Hakuna aliyebisha, na mimi pia sikubisha. Tukala.

Hiyo ndiyo fainali yetu. Hata kukumbatiana hatukukumbatiana.

Mwaka wa tatu niliacha kuingia darasani. Natamani ningekuwa na sababu inayosomeka vizuri, kama ugonjwa, au karo kuisha, lakini kozi ilikuwa ya takwimu na mimi nilikuwa nimeshagundua kwamba kuna watu ng'ambo wanalipa dola kwa makala za kasuku. Kuacha chuo siwezi kusema najuta sana. Tatizo ni kwamba niliacha Februari na nikamwambia dada Septemba. Miezi 7. Miezi yote hiyo alikuwa ananitumia shilingi 3,000 kila tarehe 5, kutoka kwa mshahara wa duka la jumla alikokuwa anahesabu katoni za sabuni. Akiuliza mitihani inaendaje, namwambia migumu. Siku moja nilimtumia picha ya maktaba. Picha ya zamani.

Kwa hivyo ile mbio ya kujifanya ninayoijua zaidi haikuwa ya Beijing. Mnangat angalau alikuwa anakimbia kweli.

Kuna hadithi nyingine ya kuachiana ambayo naipenda. Mwaka 2018, ubingwa wa dunia wa jiu-jitsu, huu wa kuvaa gi, fainali ya uzani wa wazi ambapo wakubwa na wadogo wanachanganywa. Upande mmoja Marcus Almeida, wanayemwita Buchecha, jitu hasa, ambaye tayari alikuwa na mataji 5 ya uzani huo wa wazi. Upande mwingine Leandro Lo, Mbrazili mwenzake, rafiki yake, lakini si wa klabu yake. Siku hiyo Lo alikuwa ameumia bega kwenye pambano jingine, hawezi kupigana. Kwa kawaida hapo Buchecha anachukua dhahabu bila kutoka jasho, na hakuna ambaye angemlaumu. Alichofanya ni kumwachia Lo ubingwa. Bingwa wa mwaka huo ni mtu mwenye bega bovu. Agosti 2022 Lo alipigwa risasi akauawa São Paulo, na jina lake liko kwenye orodha.

Inapendeza, sivyo? Mimi pia ilinipendeza, mpaka nikaanza kuhesabu. Buchecha alitoa 1 akabaki na 5, na mwaka 2019 akarudi akachukua ya 6. Sisemi haikuwa ukarimu. Nasema alitoa kutoka kwenye kabati lililojaa. Dada yangu alitoa kabati lenyewe. Yeye hakuwa na mwaka 2019 wa kurudi.

Na hapa kuna jambo ambalo siwezi kulipita. Ushindi hautolewi. Kushinda ni tendo kama kuogelea. Ukinipa kuogelea kwako, mimi bado nitazama. Kinachoweza kutolewa ni taji, nafasi, jina kwenye karatasi. Lo hakumshinda Buchecha, na wote wawili walijua, na ndiyo maana hapakuwa na uongo kati yao. Mimi vilevile sikumshinda dada yangu. Alama zake zilikuwa juu ya zangu. Nilichopewa ni nafasi.

Sasa aliyepewa nafasi anadaiwa nini? Mathe angesema ni amana. Lakini amana hurudishwa kwa mwenyewe, na mwaka wa kwanza wa chuo utamrudishia nani? Wajomba walisema ni deni, na walilisema kwa sauti kwenye mkutano wa familia nilioitwa kama mshtakiwa. Nikiwa na hasira nilisema ni zawadi, na zawadi ukishanipa ni yangu, nikitaka naitupa. Bado naamini kipande cha hilo. Hakuna aliyemwambia Lo kwamba kwa kuwa ameachiwa taji la 2018 basi hana ruhusa ya kushindwa tena. Kama dada alinipa kwa sharti kwamba lazima nimalize, basi hakunipa, alinikopesha, na angetaja riba mapema.

Ila zawadi ilikuwa moja, ile ya jikoni. Zile 3,000 za kila tarehe 5 hazikuwa zawadi ile. Alikuwa anamtumia mwanafunzi, na mwanafunzi hakuwepo. Nilikuwa na haki ya kutoka mkekani. Sikuwa na haki ya kubaki nimevaa namba kifuani. Wajomba walitumia saa tatu kunilaumu kwa lile la kwanza, na hili la pili hakuna hata mmoja aliyeligusa, labda kwa sababu pesa hazikutoka mfukoni mwao.

Unamkumbuka Abel Mutai, wa medali ya shaba London 2012? Desemba ya mwaka huohuo alikuwa anaongoza mbio za nyika huko Burlada, Hispania, akadhani amemaliza, akasimama mita chache kabla ya mstari. Nyuma yake Mhispania, Iván Fernández Anaya, angeweza kupita. Akakataa, akamwonyesha Mutai mstari uko wapi mpaka akamaliza mbele yake. Watu humsifu Fernández kwa kutoa. Mimi namwona kama mtu aliyekataa kupokea. Ni kitu tofauti, na jikoni kwetu, usiku ule, kilikuwa kinawezekana. Ningesema, "Hapana, aende yeye." Maneno matatu. Labda angekataa. Lakini tungekuwa tumepigana.

Nilimpigia nikamweleza haya yote, mapacha, Beijing, bega la Lo. Alikuwa dukani, nasikia katoni zikiburutwa. Akacheka. "Kwani wewe ulidhani nilikuachia kwa sababu nakupenda?" akasema. "Nilijua nikienda mimi, wewe ungebaki hapo nyumbani ukimkalia mama kichwani. Mimi naweza kukaa dukani. Wewe ungekaa wapi?" Nikamuuliza kama anajuta. Akasema kuna mteja, atanipigia. Hakupiga siku hiyo.

Orodha nilimaliza. Ile safu ya mwisho niliiacha, na kwenye mistari ya fainali zilizofungwa nikaandika: hawakupigana, walikubaliana. Mteja akajibu usiku uleule. Kazi nzuri, lakini toa hiyo safu, wasomaji wanataka majina tu. Nikatoa. Pesa zilipoingia nikamtumia dada 3,000. Haikuwa hata tarehe 5.

Dakika mbili baadaye ujumbe ukaingia: "Hizi ni za nini?"

Nimeanza kumjibu mara kadhaa.