Na nani?

Kuna maneno mawili ambayo kitabu cha sarufi ya Kiingereza kinamruhusu mwanafunzi kuyaacha bila kukatwa maksi. Ukibadilisha sentensi kutoka kauli ya kutenda kwenda kauli ya kutendwa, aliyetendwa anakuja mbele, kitenzi kinageuka, na mtendaji anasogezwa mwisho kabisa, nyuma ya neno "by". Kisha kitabu kinaongeza kwa upole: mtendaji akiwa hajulikani, au akiwa si muhimu, mwache. Nimefundisha somo hili kwa miaka kadhaa katika sekondari ya kata huku Karagwe, na kila mwaka nikifika hapo nasita. Si muhimu kwa nani?

Wapenzi wa fasihi wengi wana jibu la haraka: kauli ya kutendwa ni maficho ya waoga. Jibu hilo tumelirithi kwa kiasi kikubwa kwa George Orwell, ambaye katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza aliagiza kwamba palipo na nafasi ya kutumia kauli ya kutenda, ya kutendwa isitumike. Ushahidi wa kumuunga mkono upo wa kutosha. Januari 1987, Rais Ronald Reagan alipozungumza mbele ya Bunge la Marekani baada ya kashfa ya kuiuzia Iran silaha, alisema makosa makubwa yalifanyika. Yalifanyika! Kama mvua ya masika, imekuja tu, hakuna aliyeiita.

Lakini Orwell huyo huyo, katika sentensi ya kwanza ya insha yake, ametumia kauli aliyoikataza. Nadhani alihitaji kuitumia. Na sisi tunaowaza kwa Kiswahili, Kinyambo na Kihaya kabla ya kufika kwenye Kiingereza, tuna sababu nyingine ya kutokubali haraka.

Chukua kosa ambalo kila mwalimu wa Kiingereza nchini analijua. Mwanafunzi anataka kusema aliibiwa simu gulioni Omurushaka. Anaandika "I was stolen." Darasa linacheka, maana kwa Kiingereza ameibwa yeye mwenyewe, kama mbuzi. Tunamsahihisha: aliyeibwa si wewe, ni simu. Na kisarufi ni kweli. Ila tazama Kiswahili kilikuwa kimempa nini. "Simu imeibwa" ni habari ya simu. "Nimeibiwa" ni habari ya mtu: ile "-i-" ndogo katikati ya kitenzi inamweka aliyeumia mahali pa heshima, mwanzo wa sentensi. Ndiyo maana tunasema pia nimefiwa, nimenyeshewa, nimehamwa. Kifo ni cha marehemu, lakini anayebaki naye ana kitenzi chake. Kauli hii haijazaliwa kwa ajili ya kuficha mwizi. Imezaliwa kwa ajili ya kumtazama aliyeibiwa kwanza.

Basi maficho yako wapi? Twende jikoni. Kikombe kiko chini, vipande viwili. Mtoto ana njia tatu za kusema. "Nimekivunja": huyo jasiri. "Kimevunjwa": hapo mama anauliza palepale, "Na nani?" "Kimevunjika": hapo mama hana pa kuanzia, maana kitenzi chenyewe kimefunga mlango. Kauli ya kutendwa inamficha mtendaji lakini inaacha kiti chake wazi. Unakiona hakina mtu. Kauli ya kutendeka inaondoa hata kiti. Mtoto wa miaka minne analijua hilo, na ofisi zetu zinalijua zaidi. Fedha hazikuibwa, zilipotea. Dawa hazikuuzwa, zimeisha. Mradi haukutelekezwa na yeyote, umekwama.

Ukipanda ngazi moja zaidi unakuta jambo la ajabu. Sentensi inayoficha kuliko zote yaweza kuwa ile ya kutenda, ile ile ambayo Orwell aliisifia.

Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete akiwa ziarani mkoani kwetu aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili kuondoka nchini. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kubuni: wenye kumbukumbu wanajua ujambazi wa silaha uliokuwepo katika barabara zetu, na makundi ya ng'ombe yaliyoingizwa kwenye hifadhi. Ila kati ya waliovuka kurudi Rwanda, Burundi na Uganda walikuwemo waliokaa upande huu miongo kadhaa, waliooa na kuolewa huku, wenye migomba waliyoipanda wenyewe.

Sasa, tuwaandike vipi? Lugha ya serikali kwa waliotoka kabla ya operesheni ilikuwa kwamba waliondoka kwa hiari. Kauli ya kutenda, safi kabisa, mtendaji yuko mbele. Lakini mtu aliyepewa siku kumi na nne, akauza mbuzi wake kwa bei ya kutupa na kuacha shamba la migomba lina mikungu, je, aliondoka? Au aliondolewa? Mzizi ni ule ule, "ondo-". Katikati ya "-ka" na "-lewa" imelala historia nzima ya kijiji. Hapa kauli ya kutendwa ndiyo ya kweli zaidi, na ya kutenda ndiyo inayombebesha mtu mzigo ambao hakuuchagua.

Ukishaona hivyo mara moja, unaanza kuona kila mahali. Mkulima wa Kyerwa anauza butura, yaani anauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa sababu ada inadaiwa leo na mavuno ni mwakani. Serikali imekuwa ikipiga marufuku biashara hiyo, na tunasema, "Wakulima wanauza butura." Wanauza, ndiyo. Mwenye fedha aliyemfuata shambani siku ya shida hayumo ndani ya sentensi hiyo.

Au fungua kumbukumbu za mahudhurio shuleni. "Ameacha shule, amepata mimba." Vitenzi viwili, vyote vya kutenda, vyote vya msichana. Ameacha. Amepata, kama aliyekuwa akitafuta. Mwaka 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, kwa hiyo sheria inajua kuna mtu wa pili. Juni 2017 Rais John Magufuli akasema wasichana waliozaa hawatarudi katika shule za serikali. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi. Katika miaka hiyo minne, wangapi waliandikwa "ameacha" wakati ukweli wa sarufi ulikuwa "ameachishwa"? Na "amepata" wakati ilikuwa "amepewa"? Sijali sana kama maneno hayo yangebadilisha uamuzi wa mtu. Ninachojali ni kwamba "amepewa" lingemlazimisha msomaji aulize: na nani?

Pengine utasema, mwalimu, basi tutaje watendaji wote tumalize. Sidhani. Nani mtendaji ni swali la ukweli. Nani aanze sentensi ni swali la heshima, na haya mawili hayajibiwi kwa kanuni moja. Novemba 1861, Speke na Grant walifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika. Walipokelewa, walilishwa, na Speke alipoendelea Buganda mwezi Januari, Grant aliachwa nyuma kwa miezi akiuguza mguu. Vitabu vyetu vya historia vinamtaja mtendaji bila kuficha kitu: chanzo cha Nile kiligunduliwa na Speke. Sentensi ina "na nani" yake kamili, na bado imewasahau waliomlisha, waliomwonyesha njia, na waliokuwa wakiyanywa maji yale tangu enzi za babu zao. Kwa hiyo hata ukimtaja mtendaji, unaweza kuwa umemtaja yule aliyezoea kutajwa.

Na upande wa pili, kuna ukimya ambao ni huruma. Msibani hatusemi "ugonjwa fulani umemuua". Tunasema tumefiwa, inatosha. Na kuna binti anayeandika kwenye daftari la insha "nilipigwa" bila kumtaja aliyempiga, kwa sababu anarudi kulala nyumba hiyo hiyo usiku. Ukimwandikia kwa kalamu nyekundu "taja mtendaji", umemfundisha Orwell na umemwacha peke yake. Ukimya wake na ukimya wa ofisi iliyosema fedha zimepotea vinafanana kwa sarufi tu. Mmoja unamlinda asiye na nguvu dhidi ya mwenye nguvu, mwingine unafanya kinyume chake. Nikitaka kupima maadili ya sentensi, siangalii kauli yake. Naangalia nani analala vizuri kwa sababu ya neno lililoachwa.

Basi darasani naendelea kufundisha kama mtihani unavyotaka, maana mtihani ni mtihani na watoto wanataka kufaulu. Ila nimeongeza mstari mmoja chini ya zoezi. Baada ya kugeuza sentensi, yeyote aliyemwacha mtendaji aandike kwa lugha yoyote kwa nini amemwacha. Wengi wanaandika "hajulikani". Wengine wanaandika "kila mtu anamjua". Na mara chache, kwa mwandiko mdogo pembeni ya karatasi, nakuta "namjua, ila naogopa". Huyo simkati maksi. Namwita pembeni wenzake wakishatoka.