Fundi Anayefungua Mlango

Nabii Yeremia aliambiwa ashuke nyumbani kwa mfinyanzi, na huko ndiko angelisikia neno la Bwana. Hakutumwa sokoni ambako vyungu vimekwisha kupangwa. Alimkuta mtu yuko kazini, na chombo kikaharibika mikononi mwake mgeni akitazama. Mfinyanzi hakukificha, alikifinyanga upya.

Je, mwenye kipawa anadaiwa na majirani zake mlango ulio wazi?

Kwa sisi wa Kariakoo swali hili laweza kuonekana la ajabu. Fundi cherehani wetu yuko barazani. Akikosea pindo analifumua mbele ya mteja, na mteja anamsema. Lakini wachoraji na wachongaji wengi wamekuwa watu wa mbali nasi. Kazi zao hununuliwa na watalii. Ndiyo maana napenda jambo linalofanyika Nafasi Art Space kule Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008. Huko kuna siku ambazo wasanii hufungua studio zao, na jirani akaingia akakuta picha ambayo rangi yake bado haijakauka.

Mtu atasema Bwana wetu alitufundisha kuingia chumbani na kufunga mlango tusalipo, na kwamba kuna kazi inayoharibika ikitazamwa mapema. Ni kweli, na msanii anayechora ili ashangiliwe amekwisha kupata thawabu yake. Lakini mlango ule tuliambiwa tuufunge kwa ajili ya majivuno yetu. Hatukuambiwa tumfungie jirani.

Mkumbuke George Lilanga. Nyumba ya Sanaa ya hapa jijini, ambayo Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alisaidia kuianzisha miaka ya 1970, ilimwajiri kwanza kama mlinzi. Alikuwa akichonga tangu kwao kusini. Pale lindoni akawa karibu na wasanii, kazi zake zikaonekana, akapewa nafasi miongoni mwao. Baadaye zikaonyeshwa Ulaya na Marekani. Kama wale wa ndani wangelimwona mtu wa getini tu, angelikesha na rungu lake mpaka kustaafu.

Kwa hiyo nasema ndiyo, anadaiwa. Ila deni haliko upande mmoja. Sisi waumini tunanunua madukani Kariakoo picha za Yesu zilizochapishwa ng'ambo, tunazitundika sebuleni, kisha tunalalamika kwamba wasanii wetu hawachori mambo yetu. Nani kati yetu amewatembelea? Na wengine tukienda, tunapiga picha kwa simu na kuondoka, kana kwamba tumekwenda kutazama wanyama. Yeremia alikaa mpaka akaelewa alichokiona.

Mikocheni si mbali, daladala zipo. Siku studio zikifunguliwa, nendeni na watoto, mkae kidogo, na msianze kwa kuuliza bei.