Hisani si Mshahara

Miaka michache iliyopita, katika mtaa wetu wa Buyenzi hapa Bujumbura, tulichanga fedha za kumrudisha nyumbani binti mmoja aliyekuwa mtumishi wa nyumbani huko Saudia. Zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Alikwenda kwa njia ya dalali, kabla ya Burundi na Saudia kutia sahihi mapatano ya kazi mwaka 2021. Pasi yake ilikaa mkononi mwa mwajiri, na ujira wa miezi 7 hakuupata. Siku ya kumpokea, mzee aliyesimamia mchango alimtaka asimame awashukuru wafadhili. Akasimama, akashukuru kwa adabu, kisha akasema: "Na mshahara wangu je, mzee wangu?" Watu wakanyamaza. Wengine wakanong'ona kuwa hana shukrani. Nakiri kwamba hata mimi, niliyekuwa nimetoa changu, niliudhika kidogo.

Kuudhika huko ndiko kulikonifikirisha. Kwa nini swali la haki lilisikika masikioni mwetu kama utovu wa adabu? Nadhani ni kwa sababu fadhila humweka mtoaji juu na mpokeaji chini, ilhali haki huwasimamisha sawa. Anayefadhiliwa hutazamiwa kushukuru. Anayelipwa haki yake hana la kufanya ila kuzihesabu fedha zake. Sisi tulilipa nauli, na ni jambo jema, lakini deni la mwajiri lilibaki palepale. Naam, yeye naye tulimfadhili bila ya kujua, maana tulimwondolea mdai mlangoni!

Wazee wetu walijua neno manamba, jina la vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika enzi za ukoloni, ambao miongoni mwao walikuwamo Warundi wengi. Waliitwa hivyo kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba. Mtumishi wa leo aliye chini ya utaratibu wa kafala hajulikani kwa namba, bali kwa bwana wake, kwa kuwa ukaazi wake nchini hutegemea mwajiri. Saudia ilipolegeza utaratibu huo mwezi Machi 2021, watumishi wa nyumbani waliachwa nje.

Isidhaniwe kuwa naidharau hisani. Waislamu wa Buyenzi hutenganisha sadaka na zaka: sadaka ni hiari, bali zaka ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali ya tajiri, na mwenye kuizuia amedhulumu. Kwa upande wa Wakristo, Ambrosio, askofu wa Milano wa karne ya 4, alifundisha kuwa tajiri anapompa maskini humrudishia kilicho chake. Tena tutazame wakfu. Aliyekwisha kuweka shamba wakfu hawezi kulitwaa tena siku akikasirika, wala anayenufaika nalo hana haja ya kumbembeleza. Hapo hisani imejifunga yenyewe, ikageuka haki.

Basi wanaotoa, wakubwa kwa wadogo, yafaa watoe kwa namna hiyo. Mtu akiwa taabuni hapana budi apewe nauli. Lakini fedha zaweza pia kumlipa wakili, au mtu wa kuufasiri mkataba kabla haujatiwa sahihi. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, wataka mtumishi wa nyumbani anayevuka mpaka apate mapatano ya maandishi kabla ya kuondoka, na hati zake za safari azishike mwenyewe. Mapatano ya maandishi yatamfaa nini asiyeweza kuyasoma?

Hapa sisi walimu hatuwezi kujitoa. Kwa miaka mingi nimefundisha barua ya kuomba kazi, barua ya kuomba msaada na barua ya shukrani. Barua ya kudai sikuifundisha hata mara moja, wala sikuona kuwa imekosekana.

Yule binti alinijia baadaye, tukaiandika pamoja, kwa Kiswahili kwanza ili ipate kufasiriwa kwa Kiarabu. Nilianza kama nilivyozoea: "Kwa heshima kubwa naomba..." Akaniwekea kidole juu ya karatasi. "Futa hapo, Mwalimu. Andika nadai." Nikafuta.